Umepata Cheti cha Kidato cha Nne Ukubwani: Mwongozo wa Kuchagua Njia ya Kazi

Mtu anayemaliza kidato cha nne akiwa na miaka 17 na yule anayemaliza akiwa na miaka 34 hupewa cheti cha aina moja, chenye nembo ile ile ya Baraza la Mitihani la Tanzania, lakini uamuzi unaowangoja si mmoja. Wa kwanza ana miaka mingi ya kujaribu na kukosea, na mara nyingi ana mzazi wa kulipa ada. Wa pili ana watoto, kodi ya nyumba na kazi inayomlisha leo. Tena ana jambo ambalo yule kijana hana, yaani miaka kumi au kumi na tano ya kufanya kazi, hata kama kazi yenyewe haijawahi kuandikwa kwenye karatasi yoyote. Ushauri mwingi unaotolewa mashuleni umetungwa kwa ajili ya kijana, na mtu mzima anayeufuata kama ulivyo hupoteza muda.

Mwongozo huu ni wa aliyepitia njia ndefu: aliyeishia darasa la saba au kuacha sekondari katikati, akafaulu Mtihani wa Maarifa, ule wa kumruhusu asiyesoma sekondari kufanya mtihani wa kidato cha nne, ambao karibu kila mtu huuita QT, akasoma jioni katika kituo cha Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima au kwa mwalimu wa mtaani, kisha akaketi mtihani wa Novemba akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Unamfaa pia binti aliyeacha shule kwa ujauzito akarejea baada ya waraka wa serikali wa mwaka 2021 ulioruhusu wenzake warudi masomoni, au aliyesomea katika mojawapo ya Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Kabla ya yote, ondoa wasiwasi mmoja ambao nimeusikia mara nyingi. Namba ya mtahiniwa wa kujitegemea huanza na herufi P, na ya mwanafunzi wa shule huanza na S. Ufaulu wa D au C una uzito ule ule kwa wote wawili, na masharti ya udahili wa vyuo hayabagui kati ya herufi hizo.

Hatua ya kwanza: kisome cheti chako kwa jicho la msajili wa chuo

Wengi hutazama daraja tu. Msajili wa chuo hutazama masomo, na hiyo ndiyo sababu watu wawili wenye daraja la nne wanaweza kuwa na milango tofauti kabisa. Alama A huhesabiwa pointi 1, B pointi 2, C pointi 3, D pointi 4 na F pointi 5, kisha hujumlishwa masomo saba uliyofanya vizuri zaidi. Jumla ya 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, na 26 hadi 33 la nne.

Tumchukue mama mmoja wa kubuni, mama lishe wa Tandika mwenye miaka 34, ambaye tutakwenda naye hadi mwisho. Amepata C ya Kiswahili, D ya Uraia, D ya Historia na D ya Biolojia. Jiografia, Kiingereza na Hisabati amepata F. Pointi zake ni 30, daraja la nne. Majirani watamwambia kwamba "amepata foo", na yeye mwenyewe ataona haya kuitaja. Lakini msajili wa chuo cha kati atahesabu jambo moja: ana masomo manne aliyofaulu kwa D au zaidi, na hakuna la dini kati yake. Hicho ndicho kiwango cha chini kinachotakiwa na kozi nyingi za astashahada ya awali, yaani ngazi ya 4 ya mfumo wa tuzo za kiufundi, chini ya Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, NACTVET. Angekuwa na D tatu na nyingine ya Elimu ya Dini ya Kiislamu au Maarifa ya Biblia, angekuwa nje.

Masomo hayo manne hayaishii mlangoni mwa chuo cha kati. Ukimaliza stashahada na kutaka shahada, chuo kikuu kitadai wastani wa angalau 3.0 katika stashahada hiyo na kitarudi kuuliza zile D nne za kidato cha nne. Kwa hiyo mwenye D tatu asijidanganye kwamba atapenya kwa mlango wa nyuma halafu mambo yatajipanga yenyewe. Ni afadhali arisiti somo moja au mawili sasa, wakati madaftari bado yako mezani na mwalimu wa jioni bado anamkumbuka. Matokeo hutoka Januari, na usajili wa watahiniwa wa kujitegemea kwa ada ya kawaida hufungwa mwisho wa Februari, jambo linalompa mtu wiki chache tu za kuamua. Ukirisiti, chagua somo kwa hesabu. Kama unakosa D moja tu, chukua lile ulilolikaribia; kama kozi unayoitaka inadai somo mahususi, chukua hilo hata kama ni gumu.

Mama wetu anataka uuguzi. Amekuwa akiuwaza tangu alipomuuguza mama yake wodini. Kozi za afya karibu zote hudai Kemia na Biolojia, na nyingi hudai Fizikia pia. Ana Biolojia peke yake. Ndoto hiyo haijafa, ila sasa ina bei inayoweza kuhesabiwa, nasi tutaihesabu hapa chini.

Hatua ya pili: linganisha majina kabla ya kulinganisha kozi

Hatua hii haina utamu wowote, lakini ndiyo huwaangusha watu wazima wengi kuliko alama. Ulipoandikishwa darasa la kwanza uliitwa jina moja, kitambulisho cha taifa kina jina la ndoa, cheti cha kuzaliwa ulikipata ukubwani kikiwa na jina la babu, na kwenye usajili wa mtihani mwalimu aliandika Mwanaid badala ya Mwanaidi. Weka karatasi zote mezani na usome herufi kwa herufi: cheti cha kuzaliwa cha RITA, kitambulisho cha NIDA, cheti cha QT na cha kidato cha nne. Zikitofautiana, nenda kwa wakili au hakimu ukapate hati ya kiapo, au ubadilishe jina kisheria kwa hati iliyosajiliwa, kutegemea ukubwa wa tofauti. Shughulikia jambo hilo sasa, kwa sababu muda wa kurekebisha haupo tena pale tangazo la kazi linapobakiza siku tatu.

Fuatilia pia cheti chenyewe katika kituo ulichofanyia mtihani. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma husema waziwazi kwamba hati za matokeo hazikubaliwi. Picha ya matokeo uliyoitoa kwenye simu haitakuvusha hatua ya kwanza ya mchujo.

Hatua ya tatu: andika kazi ulizokwisha kufanya

Chukua daftari. Usiandike vyeo, kwa sababu pengine huna, andika vitendo. Mama wetu aliandika hivi:

"Napika chakula cha watu sitini kila siku. Nanunua mchele kwa gunia na najua bei inapanda mwezi gani. Nakopesha mafundi wa gereji na nawadai Jumamosi. Nimewahi kuwa na wasichana watatu wa kunisaidia, mmoja aliniibia. Nimekuwa mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa miaka minne, hesabu haijawahi kupotea."

Ukisoma maneno hayo polepole utaona upishi, ununuzi na utunzaji wa stoo, usimamizi wa watu, na utunzaji wa fedha za kikundi. Mwenye duka la simu ataona mauzo na matengenezo; mfanyakazi wa ndani aliyelea watoto wa watu kwa miaka minane ataona malezi, na kwa sababu hiyo kozi ya malezi na makuzi ya watoto isimpite bila kuifikiria; konda wa daladala anajua njia, ratiba na hesabu za siku kuliko mhitimu mwingi wa usafirishaji. Maoni yangu, na ndiyo ninayoyasimamia katika mwongozo huu wote, ni kwamba cheti cha kidato cha nne kilichopatikana ukubwani hufanya kazi kubwa zaidi kinapounganishwa na kazi ambayo mwenye cheti anaijua tayari. Kuanza fani mpya kabisa kunawezekana, lakini hapo unashindana na kijana kwenye uwanja wake.

Hatua ya nne: anza na tangazo la kazi, kisha rudi nyuma

Desturi ni kuchagua kozi, kusoma, halafu kutafuta kazi. Geuza mpangilio huo. Fungua matangazo ya ajira ya serikali na ya halmashauri, tazama na yale yanayobandikwa kwenye milango ya hoteli, viwanda na hospitali, kisha uandike sifa zinazotakiwa kama zilivyo. Mambo matatu yatajitokeza haraka.

Kwanza, zipo kazi ambazo mwombaji mwenye uzoefu anakosa karatasi moja tu, nayo ndiyo hii uliyoipata. Mfano mzuri ni dereva wa serikali. Matangazo ya nafasi ya Dereva Daraja la II hudai cheti cha kidato cha nne, leseni ya daraja E au C ambayo mwombaji ameifanyia kazi angalau mwaka mmoja bila kusababisha ajali, na mafunzo ya msingi ya udereva kutoka VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, au chuo kingine kinachotambuliwa. Dereva wa fuso mwenye miaka 38 aliyekuwa akikataliwa kwa kukosa cheti cha sekondari amebakiza kozi fupi, wala hahitaji kwenda kusoma uhasibu.

Pili, zipo kazi ambazo cheti cha kidato cha nne ni ngazi ya kupandia tu. Mtendaji wa Kijiji au wa Mtaa anatakiwa awe na kidato cha nne au cha sita pamoja na astashahada ya ngazi ya 5 katika fani kama utawala, sheria, elimu ya jamii, usimamizi wa fedha au maendeleo ya jamii, kutoka Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo au chuo kingine kinachotambuliwa. Ngazi ya 4 na ya 5, kwa kawaida, ni miaka miwili. Mtu mzima ambaye amekuwa mjumbe wa nyumba kumi, amesuluhisha magomvi ya mipaka na kusimamia vikao anaifahamu kazi hii kabla hajaisomea.

Tatu, umri. Matangazo mengi ya utumishi wa umma hutaka mwombaji asizidi miaka 45. Majeshi na polisi, kwa waliomaliza kidato cha nne, huweka ukomo wa karibu miaka 25, kwa hiyo mwenye 30 asipoteze nauli kwenda kwenye usaili huo. Chora mstari kwenye daftari: umri wako leo, miaka ya kozi, mwaka mmoja au miwili ya kutafuta nafasi. Ukivuka 45 kwenye mstari huo, lenga sekta binafsi au kujiajiri, ambako hakuna anayekuuliza ulizaliwa lini mradi kazi inafanyika.

Hatua ya tano: pima njia zilizopo

Njia fupi kuliko zote ni urasimishaji wa ujuzi unaoendeshwa na VETA. Fundi aliyejifunza kazini, awe mwashi, seremala, fundi magari au mpishi, hutathminiwa kwa vitendo, hupewa mafunzo ya muda mfupi ya kuziba mapengo, kisha hupata cheti cha ngazi anayostahili. Huanzi sifuri, wala hufungi biashara kwa miaka miwili. Nashangaa jinsi njia hii inavyopuuzwa na watu ambao ingewafaa zaidi, pengine kwa sababu haina joho wala mahafali makubwa.

Kozi ndefu za VETA hufuata ngazi tatu na kwa kawaida huanza Januari, maombi yakipokelewa miezi kadhaa kabla. Ada katika vyuo vya serikali vya VETA imekuwa ndogo, shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni, ingawa vifaa, sare na michango huongeza gharama. Anayetazama umeme wa majumbani ajue kwamba baada ya chuo kuna leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), ambayo bila hiyo hawezi kusaini kazi yake mwenyewe kihalali. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, 54 vya serikali vilivyoanzishwa kuanzia mwaka 1975, navyo hufundisha ufundi, na kwa aliye mbali na mji mara nyingi ndivyo vilivyo karibu.

Vyuo vya kati ni njia ya mwenye D nne. Ngazi ya 4, 5 na 6 kwa kawaida huchukua mwaka mmoja mmoja, na ya 6 ndiyo stashahada. Uzuri wake kwa mtu mzima ni kwamba katika kozi nyingi unaweza kusimama njiani ukiwa na tuzo inayotambulika, ukafanya kazi, kisha ukarudi. Chuo cha Utumishi wa Umma hufundisha uhazili, yaani ukatibu muhtasi, na utunzaji wa kumbukumbu. Chuo cha Elimu ya Biashara, ununuzi na ugavi na uhasibu. Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru, maendeleo ya jamii. Vyuo vya kilimo na mifugo hutaka masomo ya sayansi.

Kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea kinamfaa mwenye C tatu zinazounda tahasusi, yaani mchepuo wa masomo matatu, na mwenye lengo la shahada ambayo haipatikani vizuri kupitia stashahada. Kwa wengine wote sikishauri. Miaka miwili ya kusoma usiku ikiisha, mkononi una cheti kingine cha jumla ambacho peke yake hakiajiri.

Sasa turudi kwa uuguzi wa mama wetu. Atarisiti Kemia na Fizikia Novemba hii, akifaulu ataomba chuo mwaka unaofuata, atasoma miaka mitatu, atahitimu akikaribia 39. Ukomo wa 45 bado uko mbali, kwa hiyo umri si kikwazo. Kikwazo ni kwamba mafunzo ya wodini hufanyika mchana, na mchana ndipo sufuria zake zinapolipa kodi. Na ada ya vyuo binafsi vya afya mara nyingi huvuka shilingi milioni moja kwa mwaka. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imekuwa ikikopesha wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, afya ikiwamo, lakini mwongozo wake una vipengele vya umri na vya mwaka wa kuhitimu ambavyo mtu mzima anapaswa kuvisoma kwanza. Kama ana mume au dada wa kuendesha biashara kwa miaka mitatu, aende. Kama hana, na yeye ndiye jiko na ndiye mhasibu, ningemwambia kama ninavyomwambia dada yangu: rasimisha upishi mwaka huu, omba kozi ya ununuzi na ugavi chuo chenye vipindi vya jioni, na ulitazame jiko la hospitali au la shule ya bweni, ambako mtu anayeweza kulisha mamia na kutunza stoo hutafutwa.

Hatua ya sita: kagua chuo kabla ya kulipa

Jirani yangu mmoja alilipa ada ya muhula kwa chuo kilichokuwa ghorofani juu ya duka la dawa, chenye bango zuri na mwalimu mmoja. Alipotaka kuendelea ngazi ya juu aligundua kwamba kozi yake haikuwahi kusajiliwa, fedha hazikurudi. Usajili wa chuo na ithibati ya kozi ni mambo mawili tofauti, na chuo kilichosajiliwa kinaweza kufundisha kozi isiyoruhusiwa. Tafuta jina la chuo katika mwongozo wa udahili ambao NACTVET huutoa kila mwaka, kisha tafuta kozi yenyewe chini ya jina hilo, pamoja na sifa za kujiunga na ada iliyoandikwa. Kozi isipokuwamo, usikubali maelezo ya mdomo kwamba "kibali kiko njiani".

Kisha uende kwa miguu yako. Omba kuona karakana au maabara, uliza wanafunzi wa mwaka wa pili walipelekwa wapi kwa mafunzo ya vitendo na nani alilipa nauli. Uliza orodha kamili ya malipo: ada, mitihani, kitambulisho, bima ya afya, sare. Mara nyingi ada iliyotangazwa ni theluthi mbili tu ya fedha zitakazotoka mfukoni.

Hatua ya saba: ijaribu kazi kwa wiki mbili

Kabla ya kulipa chochote, omba kukaa mahali kazi hiyo inapofanyika. Anayetaka utendaji aombe kumsaidia mtendaji wa mtaa wake kuandika barua za utambulisho. Anayetaka uhazili ajitolee ofisi ya kata. Mama wetu aombe siku kumi katika jiko la shule. Zungumza na watu watatu wanaofanya kazi hiyo, mmoja wao awe mpya, na waulize mshahara wa mwezi wa kwanza ulikuwa kiasi gani na walisubiri nafasi kwa muda gani. Watu wazima wenzako watakujibu kwa ukweli zaidi ukiuliza faraghani, bila kalamu mkononi.

Hatua ya nane: panga mwaka wako kwa kalenda ya maombi

Januari, matokeo yakitoka, chapisha nakala na uamue kuhusu kurisiti. Februari ni ya usajili wa mtihani kwa anayerudia, na kwa asiyerudia ni ya maombi ya udahili wa Machi, kwa kuwa baadhi ya vyuo vya kati hupokea wanafunzi mwezi huo. Kuanzia Mei au Juni hufunguliwa maombi ya udahili mkubwa wa Septemba, na baada yake huja fomu za VETA za mwaka unaofuata. Fedha ziwekwe kwa mafungu kulingana na tarehe hizo. Kama uko kwenye kikundi, mwambie mweka hazina mapema kwamba mgao wako wa mwaka huu utauhitaji Agosti badala ya Desemba. Kwa mama wetu jambo hilo ni jepesi, maana mweka hazina ni yeye mwenyewe, ila katiba ya kikundi inamtaka alete ombi lake mbele ya kikao kama mwanachama mwingine yeyote.